Umebadilisha maneno. Halafu?

"Mwalimu, mbona maneno yote nimeyabadilisha? Na Turnitin imenipa asilimia 11 tu!"

Huyu ni wa nne muhula huu kuniuliza hivyo baada ya kurudishiwa kazi kwa wizi wa maandishi. Basi naandika leo, ili wa tano nimtumie kiungo nikanywe chai yangu.

Hiyo asilimia kwanza, haraka haraka. Turnitin, ile programu ya kulinganisha kazi yako na maandishi mengine, haipimi wizi, inaonyesha ufanano. Ukinukuu kihalali, na alama za nukuu na ukurasa umeweka, bado inaweza kukuhesabia. Mtu anapata 25 naye ni msafi, mwengine anapata 3 na kaiba sura nzima. Anayeamua ni msomaji.

Sasa hayo maneno. Tuseme kitabuni mmeandikwa hivi: "Kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba, iliyosalimika zaidi, ikashika nafasi ya mbele katika karafuu." Mwanafunzi wangu anaandika: "Tufani ya mwaka 1872 iliporomosha asilimia kubwa ya miti ya karafuu kisiwani Unguja, huku Pemba, iliyonusurika kwa kiasi, ikichukua uongozi wa zao hilo." Nukta. Hakumtaja mtu.

Kimbunga kimekuwa tufani, kuangusha kumekuwa kuporomosha, na "sehemu kubwa" imegeuka "asilimia kubwa". Asilimia ngapi, baba? Nani kahesabu? Mfuatano wenyewe ni uleule: upepo, Unguja chini, Pemba juu. Kuna mtu kakaa na nyaraka zenye vumbi mpaka akaiunga hoja hiyo. Ukiifua kofia ya mwenzio ukaitia wanga, haijawa yako.

Na hata ungemtaja mwenye kitabu mwishoni mwa sentensi ile, bado ningekurudishia. Hapo ndipo tunapogombana. Kutaja chanzo kunaniambia hoja ni ya nani, lakini sentensi nayo inadai kuwa umeisema kwa kauli yako, kumbe umekwenda nyuma yake neno kwa neno na kamusi mkononi. Ama mnukuu kama alivyo, ama funga kitabu, nenda kanywe maji, urudi unieleze kwa mdomo alichosema. Hicho ndicho uandike: "Fulani anaihusisha nafasi ya Pemba katika karafuu na kimbunga cha 1872. Swali langu ni kwa nini Unguja haikuirudisha nafasi hiyo hata baada ya kupanda upya." Unaona? Sasa nakusikia wewe.

Wanaoandika tasnifu kwa Kiswahili ndio wananimaliza kabisa. Anachukua makala ya Kiingereza, anaitafsiri aya kwa aya, ufanano sifuri, kifua mbele. "Lakini tafsiri ni yangu!" Tafsiri yako, sawa. Hoja ya nani? Mtaje, useme umetafsiri mwenyewe, yaishe.

Na acheni kuwataja msiowasoma. Kama umemkuta A ndani ya kitabu cha B, andika "A, kama anavyonukuliwa na B", na kwenye marejeleo aingie B peke yake.

Kuhusu mambo yanayojulikana na kila mtu, mpaka wake siujui sawasawa hata mimi. Mapinduzi ya 12 Januari 1964 hayahitaji chanzo. Mji Mkongwe kuingia Urithi wa Dunia mwaka 2000? Mimi ningekuachia, msimamizi mwengine angekutilia wino mwekundu. Lakini vile vita vya Waingereza na Zanzibar vya 27 Agosti 1896, wapo wanaosema vilidumu dakika 38, wapo wa 40, wapo wa 45. Hapo taja, maana hesabu inategemea umemsoma nani.

Halafu kuna majina, balaa jengine. APA, mtindo wa kutaja vyanzo, inataka jina la ukoo litangulie. Sisi jina la mwisho aghlabu ni la babu, kwa hiyo tasnifu moja ina kina Juma watano na kina Ali saba, na ndugu hata mmoja hakuna. Nawaambia wafuate mtindo wa chuo. Moyoni siupendi.

Linaloninyima usingizi ni jengine. Mwanafunzi alikwenda Wete, Pemba, mzee mmoja akamweleza siku mbili nzima habari za kuanika karafuu, mambo ambayo miye sijayaona kitabuni. Kwa APA, mazungumzo ya namna ile hutajwa ndani ya matini tu, kwenye orodha ya marejeleo hayaingii. Na maadili ya utafiti yanatutaka tumfiche mtoa taarifa, basi akaandikwa "mzee wa miaka 70". Tulipompelekea nakala, alimwambia mjukuu wake amsomee, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Na jina langu liko wapi?"

Langu lilikuwa ukurasa wa shukrani, na cheo juu.