Je, wajua kwa nini usiku wa baridi Mbeya tarumbeta hushuka na gitaa hupanda?

Chukua ukumbi mdogo wa kukodi pale Mwanjelwa, kuta za tofali, paa la bati, watu 120 wanaujaza. Mwezi ni Julai. Bendi tatu zitapiga: mbili za panki, yaani gitaa, besi, drams na kelele, na moja ya ska, ambayo juu ya hivyo vyote ina tarumbeta, tromboni na saksafoni. Saa 10 jioni mitambo imejaribiwa na vyombo vimetuniwa, yaani noti zake zimewekwa sawa, vinaitikiana vizuri. Saa 2 usiku bendi ya ska inapanda jukwaani, na noti ndefu ya kwanza ya tarumbeta inakwaruzana na gitaa kama mlango wenye bawaba mbovu. Mpiga tarumbeta anamtazama mpiga gitaa, mpiga gitaa anamtazama fundi mitambo. Hakuna aliyegusa kitu. Ni kwamba kati ya saa 10 na saa 2 jua limezama, ukumbi umetoka nyuzijoto 20 hadi 12, na baridi ile imefanya kazi mbili zinazopingana: imeshusha sauti ya vyombo vya kupuliza na kupandisha ya vyombo vya nyuzi.

Tuanze na tarumbeta, maana hapo ndipo watu wanapokosea maelezo. Utasikia ikisemwa kwamba shaba imesinyaa kwa baridi. Kweli imesinyaa, lakini bomba la tarumbeta lina urefu wa karibu meta 1.4, na likipoa kwa nyuzijoto 10 hupungua kama robo ya milimita tu. Tena bomba likifupika sauti hupanda, haishuki. Kinachoshuka si shaba, ni mwendo wa sauti ndani ya hewa iliyomo. Kwenye nyuzijoto 12 sauti husafiri karibu meta 339 kwa sekunde. Kwenye 26 husafiri karibu meta 347. Noti ya tarumbeta ni wimbi linalokwenda na kurudi bombani. Likienda polepole, safari kwa sekunde zinapungua, na noti inashuka. Kila nyuzijoto 10 zinazopungua huishusha noti kwa karibu theluthi ya nusu toni (nusu toni ni hatua kutoka kitufe kimoja cha kinanda hadi kinachofuata). Sikio la mtu wa kawaida linaanza kukereka kabla ya hapo.

Wengine huilaumu milima. Mbeya iko kama meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo, wanasema, chombo cha Dar es Salaam hakiwezi kulia sawa huku. Mpigaji aliyetoka pwani atahema zaidi, hilo kweli. Lakini wepesi wa hewa haubadilishi noti. Ukipanda mlima kanieneo ya hewa hupungua, na uzito wa hewa hupungua kwa kiwango kilekile, basi athari mbili zinafutana na mwendo wa sauti unabaki ulivyo. Siku Mbeya ikipata nyuzijoto 30 tarumbeta litalia kama linavyolia Kariakoo. Mlima unaingia kwa mlango wa nyuma tu: ndio unaoleta baridi.

Gitaa sasa. (Kiswahili kimetupa mtego hapa: nyuzi za gitaa na nyuzi za joto. Tutaziita hizi za pili nyuzijoto.) Uzi wa chuma ukipoa hutaka kufupika, lakini umefungwa kwenye mti pande zote mbili na mti wenyewe haufupiki kama chuma. Usipopata nafasi ya kufupika unakaza zaidi, na uzi uliokaza zaidi hupanda. Kibaya ni kwamba nyuzi zote sita hazipandi sawa. Ule mwembamba kabisa umevutwa sana tangu mwanzo, hivyo mkazo unaoongezwa na baridi ni kidogo ukilinganisha na uliokuwepo. Uzi wa tatu ukihesabu kutoka ule mwembamba, mnene kidogo na usiozungushiwa waya, umevutwa kiasi tu. Kwa kupoa nyuzijoto 10 unaweza kupanda hata karibu theluthi ya nusu toni, wakati ule mwembamba unapanda chini ya nusu ya hapo. Ndiyo maana gitaa lililoachwa kwenye baridi huwa halipatani hata lenyewe. Wapiga gitaa wengi humshuku fundi aliyelifunga. Fundi hana kosa, ni uzi wa tatu huo.

Ngoma ya ngozi ina habari yake. Tunaipasha moto kabla ya kuipiga, na mtu angedhani ni jambo lilelile la joto. Siyo. Moto unaondoa unyevu, na ngozi ikikauka inakaza. Drams za kisasa zina plastiki badala ya ngozi, hazina shida hiyo kwa kiasi cha kusumbua. Na kinanda cha umeme hakijui baridi wala joto. Saa 10 jioni na saa 6 usiku kinatoa noti ileile. Kumbuka hilo, litatufaa.

Tuangalie noti moja. Tarumbeta la kawaida mpigaji akipuliza wazi, bila kubonyeza kitufe, akapata ile anayoiita do, iliyo katikati ya mistari yake ya noti, kinanda kitaiita si bemoli (nusu toni chini ya si), mitetemo 466 kwa sekunde. Tarumbeta lililopoa litaitoa kwenye 460. Gitaa lililopanda litaitoa kwenye 470. Zikilia pamoja, masikio hayasikii noti mbili bali noti moja inayotetemeka, wau-wau-wau, mara 10 kwa sekunde, yaani tofauti ya 470 na 460. Mtetemo huo ndio kipimo bora kuliko simu yoyote: ukitelezesha bomba la kutunia la tarumbeta, kile kipande kinachosukumwa ndani au kuvutwa nje, na mtetemo ukapungua kuwa mara 4, mara 2, kisha ukalala, umefika.

Kwa nini basi bendi za panki zimepiga usiku uleule bila mtu kulalamika? Kwa sababu ukiacha drams vyombo vyao vyote ni vya nyuzi, vimepanda pamoja, na juu yake kuna mkoromo wa amplifaya unaofunika madhambi mengi. Wapiga tarumbeta wa makanisa ya Moravian na Kilutheri wana bahati kama hiyo kwa upande wa pili: kikundi kikiwa shaba tupu, wote wanashuka pamoja, na alfajiri ya baridi Rungwe inasikika tamu mpaka mtu awashe kinanda. Ska ndiyo inayoweka maadui hawa wawili kwenye jukwaa moja. Muziki huu ulizaliwa Jamaika mwishoni mwa miaka ya 1950, ni mzazi wa rege, na matarumbeta na tromboni vilikuwa moyo wake tangu mwanzo; The Skatalites, waliojiunga mwaka 1964, walikuwa na safu nzima ya wapulizaji. Kingston ni pwani ya joto. Hakuna aliyekuwa akiwaza Julai ya Makambako. Ndoa yake na panki ilikuja kufungwa Uingereza, kwenye lebo ya muziki ya 2 Tone iliyoanza Coventry mwaka 1979, na huko baridi wanaijua.

Ndani ya wimbo wa ska kosa halionekani kila mahali. Gitaa la rizimu linakata kwenye “na” ya moja-na-mbili-na, mkato mfupi, kama sehemu moja ya kumi ya sekunde, kisha kiganja kinazima nyuzi. Mtetemo wa mara 10 kwa sekunde haupati hata nafasi ya kuzunguka mara mbili, kwa hiyo unajificha. Unajitokeza pale matarumbeta yanaposhika noti ndefu juu ya kinanda au juu ya gitaa lililoachwa liimbe. Na wapulizaji wa ska hupumzika sana: wanapiga kibwagizo, wanakaa kimya beti nzima, wanarudi. Huko kwenye kukaa kimya ndiko mchezo unakoharibikia. Pumzi ya mtu ni kama nyuzijoto 34 inapotoka mdomoni, na chombo kinachopulizwa mfululizo hupata joto ndani, kiasi kwamba athari ya baridi ya ukumbi hupungua karibu nusu. Ukinyamaza dakika mbili shaba nyembamba imeshapoa. Noti ya kwanza ya kurudi iko chini, ya kumi iko sawa, na msikilizaji ameisikia ile ya kwanza.

Dawa yake haina gharama. Wakati wa kupumzika, shika chombo karibu na mwili na upitishe pumzi ya joto bila kutoa sauti, taratibu, kama unavyopasha mikono asubuhi. Tarumbeta: bonyeza vitufe vyote vitatu kwa zamu ili hewa ipite kwenye mabomba yote, siyo lile moja tu. Saksafoni: funga matundu yote hadi noti ya chini kabisa, la sivyo pumzi inatokea juu na nusu ya chini inabaki barafu. Kipande cha mdomo kikae mfukoni au kiganjani mpaka dakika ya mwisho. Tromboni ndiyo yenye raha, mpigaji anavuta mkono milimita chache akisikia kosa. Tarumbeta halina uhuru huo, midomo inaweza kusukuma kidogo tu kabla sauti haijawa nyembamba.

Kosa la kawaida ni kutuni chombo kikiwa baridi. Tarumbeta likiwa limeshuka, mpigaji anasukuma bomba la kutunia ndani mpaka mwisho, anapatana na kinanda, anafurahi. Baada ya nyimbo mbili limepata joto, limepanda, na sasa inabidi avute katikati ya wimbo. Utaratibu unaofaa ni huu: vyombo viingie ukumbini angalau nusu saa kabla, vikiwa ndani ya makasha yaliyo wazi, juu ya meza, si sakafuni penye saruji ya baridi. Kisha noti ndefu za sauti ya chini kwa dakika tano. Ndipo utuni, na ukimaliza bomba liwe limevutwa nje walau sentimita moja, ili ubaki na akiba ya kusukuma. Ikiwa bomba limeingia lote na bado uko chini, usipigane. Kama hakuna kinanda, badilisha kipimo cha kifaa cha kutunia kutoka 440 (mitetemo kwa sekunde ya noti ya la, ambayo wote hutunia kwayo) hadi 437, gitaa na besi vitelemke vimfuate mpulizaji. Kushusha gitaa ni kazi ya dakika mbili. Kupandisha tarumbeta lenye baridi ni muujiza.

Usiweke jiko la mkaa jukwaani ili kupasha vyombo. Upande mmoja wa tarumbeta utaungua na mwingine utabaki baridi, lakini hilo ni dogo: ukumbi uliofungwa madirisha kwa sababu ya baridi ukiwa na jiko la mkaa ndani unaua watu kwa hewa isiyo na harufu.

Kwa gitaa, usitumie simu ukumbi ukishaanza kelele, maikrofoni yake inasikia kila kitu. Tumia kile kifaa kidogo kinachobanwa kichwani mwa gitaa, kinachosoma mtetemo wa mti wenyewe. Taa za jukwaa ziwashwe dakika kumi kwanza, gitaa livaliwe, mkono upite juu ya nyuzi. Kila uzi uushushe chini ya noti kisha upande nao. Ukiufikia kwa kushuka, uzi huwa umenasa kwenye kidaraja cha juu, kile cha karibu na kichwa cha gitaa, na utateleza wimbo wa kwanza. Wale waliotoka Dar es Salaam kwa basi wana la ziada: gitaa limekaa kwenye buti, limepita joto la Ruaha Mbuyuni na mibuyu yake, limepanda Kitonga, limeingia baridi ya Mafinga. Lisifunguliwe na kutuniwa hapo stendi. Nusu saa ukumbini, kwenye kasha lake.

Halafu inakuja saa 4, na kila kitu kinageuka. Mtu aliyetulia hutoa joto la kama wati 100, na anayerukaruka mbele ya jukwaa anafika 300 bila shida. Watu 120 wakichanganyika hao na wale, ni kama pasi za umeme 30 za wati 1,000 zimewashwa ndani ya chumba kimoja. Ukumbi unafika nyuzijoto 26 wakati nje ni 9. Sasa matarumbeta yanapanda na nyuzi zinalegea, yaani kosa lilelile limegeuzwa juu chini. Gitaa litahitaji kukazwa kila baada ya nyimbo tatu au nne, na bomba la tarumbeta kuvutwa nje. Kwa hesabu ya kitabu, nyuzijoto 10 zingetaka kuvuta milimita 12. Kwa kuwa pumzi imeshafanya nusu ya kazi, anza na milimita 6 uone.

Na jasho lote lile linakwenda juu, linakutana na bati la baridi, linarudi likiwa matone. Yakidondoka kwenye mikisa (mtambo wa kuchanganya sauti) au kwenye ekstensheni iliyolala sakafuni, tatizo la noti linakuwa dogo kabisa. Nyanyua viunganishi vyote vya umeme juu ya kreti la soda, tandaza turubai juu ya meza ya fundi mitambo, acha dirisha moja la juu wazi hata watu wakilalamika. Ndani ya matarumbeta nako maji yanajikusanya kwa sababu ileile, pumzi yenye unyevu ikigusa shaba baridi. Ukisikia noti inagugumia kama kiko, fungua kitundu cha kutolea maji na upulize. Yamwage yote kabla ya kufunga kasha. Saksafoni ipitishwe kitambaa ndani, maana vifuniko vyake vya ngozi vikilala na maji usiku wa Julai, kesho yake havifunguki.