D39.1 si ya faili linalosubiri majibu ya kinyama kilichopelekwa maabara

"Kama bado hatujajua ni saratani au siyo, si ndiyo D39.1 yenyewe?" Nimeulizwa tena wiki hii, na aliyeuliza si mgeni kazini. Kabla yake wameshaniuliza madaktari wa zamu, watu wa madai ya bima, na wenzangu wa kumbukumbu za afya ambao ICD-10, orodha ya WHO ya misimbo ya magonjwa, wameisomea darasani. Hapana, siyo D39.1, msimbo wa uvimbe wa ovari wenye tabia isiyo na uhakika. Naandika sababu zote mahali pamoja, kwa sababu imani hii inawaumiza wagonjwa na nimechoka kuikuta kwenye mafaili.

Tabia isiyo na uhakika ni matokeo ya darubini. Mpatholojia amepokea ovari, ameikata, slaidi zimepakwa rangi, amezisoma, kisha akaandika kwamba seli zimezaliana na kubadilika kuliko za uvimbe wa kawaida ila hazijapenya kwenye tishu ya chini yake kama saratani ifanyavyo. Hapo amemaliza kazi na ametoa jibu. ICD-O, orodha ya WHO ya misimbo ya vivimbe na saratani, inalipatia jibu hilo alama ya /1. Uvimbe usio saratani ni /0, saratani iliyokaa ilipoota bila kupenya ni /2, saratani kamili iliyoanzia hapo ni /3, iliyosafiri kutoka kwingine ni /6. Mwanamke ambaye nyama yake bado imo kwenye kopo la fomalini hana /1. Hana alama yoyote kati ya hizo, na wewe huna mamlaka ya kumpa.

Aandikiwe nini basi? Kile kinachojulikana siku hiyo. Ultrasaundi imeona sisti ya ovari: N83.2. Daktari amepapasa uvimbe kwenye nyonga na hajui umetokea wapi: R19.0. Tumbo limejaa maji: R18. Watu wanaziona R kama misimbo ya uvivu, lakini msimbo wa dalili ulioandikwa kwa haki ni bora mara elfu kuliko utambuzi uliobuniwa na mtu wa kumbukumbu.

Chukua mgonjwa ambaye hospitali zetu zinamjua vizuri. Mwanamke amekonda, tumbo limejaa maji, ultrasaundi inaonyesha uvimbe pembeni mwa kizazi, CA-125, kipimo cha damu, iko juu sana. Wodi nzima imeshaamua ni ovari. Faili linaandikwa "? Ca ovari", yaani huenda ni saratani ya ovari, mtu wa kumbukumbu anaona alama ya kuuliza, anaweka D39.1. Kisha kinyama kinarudi: TB ya utando wa tumbo, A18.3. Magonjwa haya mawili yanafanana mpaka daktari wa upasuaji mwenye uzoefu anaweza kufungua tumbo akiamini anakutana na saratani. CA-125 hupanda kwa TB, kwa endometriosisi, kwa maambukizi ya nyonga, hata kwa ujauzito. Namba ya maabara haitoshi kumpa mtu msimbo wa D wala wa C, herufi ya saratani.

Hiyo alama ya kuuliza nayo ina kanuni yake, na kanuni hiyo inaninyima raha. Kitabu cha pili cha ICD-10 ya WHO kinasema tatizo kuu likibaki "linashukiwa" hadi mwisho wa matibabu, na hakuna taarifa nyingine, liwekewe msimbo kana kwamba limethibitishwa. Yaani "? Ca ovari" isiyo na lolote jingine inakwenda C56, msimbo wa saratani ya ovari. Siipendi, kwa sababu inamwandikisha saratani mtu ambaye huenda hana. Lakini tazama inakokwenda: C56. Hata kanuni inayoruhusu kushuku haikupeleki D39.1. Na sharti lake ni kwamba hakuna taarifa nyingine. Kinyama kilichoko maabara ni taarifa iliyoko njiani. Subiri.

Sasa niseme jambo ambalo wanaonibishia wangelitumia vizuri kama wangelisoma. Kundi la D37 hadi D48 kwenye ICD-10 ya WHO linaitwa la vivimbe vyenye tabia isiyo na uhakika au isiyojulikana. Vitu viwili vimetiwa kapu moja. Kwa hiyo daktari akiandika kwamba mgonjwa ana nioplasia ya ovari, yaani seli zinazoota bila mpangilio, histolojia (uchunguzi wa nyama kwa darubini) haikufanyika na haitafanyika, labda mgonjwa amefariki au ameondoka, D39.1 inakubalika kwa kitabu hicho. Nakiri hilo. Wamarekani waliliona tatizo wakatenga D49 kwenye toleo lao la ICD-10-CM kwa ajili ya tabia ambayo haikutajwa. ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, nayo imeyatenganisha makundi hayo mawili. Sisi tunaoendelea na ICD-10 ya WHO tumebaki na kapu. Lakini angalia sharti: daktari awe ameandika nioplasia, siyo "uvimbe". Wodini kwetu uvimbe ni sisti, ni usaha, ni mimba iliyotunga nje ya kizazi, ni mrija uliojaa maji. Usichague wewe. Mpigie daktari.

Tuje kwenye bodalaini, uvimbe ulio mpakani kati ya wa kawaida na saratani, maana ndiyo mwenyeji halali wa D39.1. FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake na uzazi, iliitambua mwaka 1971 na WHO ikaiweka kwenye uainishaji wake mwaka 1973. ICD-O ya pili, ya mwaka 1990, ikavipa vivimbe hivi vya ovari /3, vikahesabiwa pamoja na saratani. ICD-O ya tatu, ya mwaka 2000, ikavirudisha /1. Mgonjwa ni yuleyule, slaidi ni ileile. Aliyesajiliwa 1998 ana saratani ya ovari, aliyesajiliwa 2002 hana. Ukiona grafu ya saratani ya ovari inashuka ghafla baada ya 2001 kwenye nchi iliyofuata mabadiliko haya, uliza kwanza kama bodalaini zimo au zimetolewa, ndipo usifie matibabu.

Na bodalaini si "saratani ndogo". Wengi hupona kwa upasuaji. Wapo ambao uvimbe hurudi baada ya miaka mingi, na wachache hurudi nao ukiwa saratani kamili, ndiyo maana hawa wanawake wanahitaji kliniki ya muda mrefu. Kinachoniudhi zaidi ni vipandikizi. Bodalaini ya sirasi, aina yenye majimaji mepesi, mara nyingi huonekana pia kwenye utando wa tumbo, kwa vijipande vidogo. Mtu wa kumbukumbu anasoma kwamba uvimbe uko ovari na uko kwenye utando, anahitimisha umesambaa, anaongeza C78.6. Ghafla mwanamke mwenye bodalaini ana saratani iliyosambaa tumboni! Soma sentensi inayofuata ya ripoti. Kama vipandikizi havijapenya, C78.6 ni kosa. Mimi huongeza D48.4 ya utando wa tumbo. Wapo wenzangu ninaowaheshimu wanaoona D39.1 peke yake inatosha, kwa hoja kwamba vipandikizi ni sehemu ya ugonjwa uleule, na sijapata maandishi ya kuwashinda. Kama vimepenya, uainishaji wa WHO wa mwaka 2014 unasema hiyo ni saratani ya sirasi ya daraja la chini. Hapo umeshatoka kwenye D.

Ripoti ya haraka, ile ya nyama iliyogandishwa wakati mgonjwa bado yuko mezani, usiifungie msimbo. Vivimbe vya ute vinaweza kuwa vikubwa kama tikiti maji, na kanuni ya kawaida ni angalau kipande kimoja kwa kila sentimita ya kipenyo. Hakuna anayefanya hivyo ndani ya dakika ishirini. Ndiyo maana utasoma "angalau bodalaini". Hilo "angalau" lina maana kwamba ripoti ya mwisho inaweza kupanda hadi saratani.

Teratoma, uvimbe unaoweza kuwa na nywele au meno ndani, haraka haraka. Ripoti ikisema teratoma komavu, au sisti ya demoidi, ni D27, msimbo wa uvimbe wa ovari usio saratani. Teratoma isiyokomaa ni C56. "Teratoma" tupu, bila sifa, kwenye ICD-O ya tatu ilikuwa 9080/1, yaani ukiufuata msimbo kibubusa unampeleka D39.1 binti mwenye nywele na meno kwenye sisti, ambaye ameshapona. Fungua maelezo ya darubini, sifa utaikuta mistari mitatu juu.

Granulosa ya watu wazima, aina nyingine ya uvimbe wa ovari, ndiyo inayonikosesha usingizi. Vitabu vya zamani viliipa 8620/1, na faharasa ya ICD-10 imejengwa juu ya hayo: D39.1. Uainishaji wa WHO wa 2014 ukaipa /3, kwa sababu inayoeleweka, maana hurudi hata baada ya miaka kumi au ishirini. Nikifuata faharasa, mwanamke mwenye ugonjwa ambao mpatholojia na daktari wa saratani wote wanauita saratani hahesabiwi. Nikifuata mpatholojia, mkaguzi wa bima anafungua faharasa na kuniuliza nimetoa wapi C56. Mimi humfuata mpatholojia ikiwa ameandika /3 au hatua ya ugonjwa kwenye hitimisho, na naambatisha ripoti. Kwa faili lisilo na hayo sina jibu ninaloweza kuliapia.

Kwa nini nakasirika hivi kwa tarakimu tatu na herufi? Kwa sababu ya kinachotokea baada ya hapo. Mgonjwa ameruhusiwa akiwa na D39.1 ya kusubiria. Majibu yanatoka wiki kadhaa baadaye, yanakwenda kliniki, hayarudi kwenye faili la wodi. Yakisema C56, mtu wa rejista ya saratani anayepitia orodha ya C hamwoni mama huyo, naye hayumo kwenye hesabu inayotumika kuomba dawa za mwaka ujao. Yakisema D27, kila atakayefungua mfumo atakuta anaitwa mwenye uvimbe wa mashaka, na ataulizwa habari za saratani kila anapokwenda kupima presha.

Kwa hiyo naomba hivi. Wenzangu wa kumbukumbu, wekeni safu ya "kinyama kimetumwa" kwenye rejista ya wagonjwa walioruhusiwa, iwe na tarehe na namba ya maabara, na mtu mmoja mwenye jina awe anaifuata maabara kila wiki hadi safu iwe tupu. Madaktari, "uvimbe wa nyonga, majibu yanasubiriwa" ni utambuzi unaotosha kabisa kumruhusu mgonjwa. Na wapatholojia wetu, tunajua slaidi zimewazidi, lakini mkiandika alama ya ICD-O kwenye mstari wa hitimisho, /0, /1 au /3, hakuna atakayelazimika kukisia huku chini.