Wapolinesia hawakupotea baharini: dhana potofu na ukweli kuhusu utamaduni wao

Tukitajiwa Hawaii, Tahiti au Samoa, visiwa vya Wapolinesia katika Bahari ya Pasifiki, picha inayotujia haraka ni ya ufuo, shada la maua shingoni na sketi ya majani. Picha hiyo imetengenezwa na hoteli na filamu, nayo imefunika mambo makubwa ambayo watu wa visiwa hivyo wamehangaika kuyahifadhi.

"Walifika visiwani kwa bahati tu, wakisukumwa na mkondo."

Hii ndiyo dhana inayoniuma kuliko zote, maana inawanyang'anya watu elimu yao. Mwaka 1947 Thor Heyerdahl wa Norwe alisafiri kwa chelezo kutoka Peru ili kuonyesha kwamba visiwa hivyo vingeweza kukaliwa na watu waliotoka Amerika Kusini. Lakini lugha zao, mabaki ya kale na vinasaba vinaelekeza Asia, upande wa Taiwan. Mawasiliano na Amerika Kusini yalikuwepo, kwani kiazi kitamu kilitoka huko kabla ya Wazungu kufika, ila chimbuko la watu wenyewe si huko. Tena pepo kuu za eneo lile huvuma kutoka mashariki, kwa hiyo aliyetoka magharibi alikuwa anazikabili. Na aliyepotea baharini hawi amepakia miche ya magimbi na mashelisheli, kuku, nguruwe na mbwa.

Tarehe 1 Mei 1976 chombo kiitwacho Hōkūleʻa, mitumbwi miwili iliyounganishwa na kutiwa matanga, kiliondoka kisiwa cha Maui, Hawaii. Tarehe 4 Juni kikaingia Papeete, Tahiti, baada ya takribani kilomita 4,000 bila dira wala ramani. Aliyekiongoza ni Mau Piailug wa kisiwa cha Satawal, Mikronesia, kwa sababu Hawaii kwenyewe elimu hiyo ilikuwa imekatika. Alifuata nyota zinapochomoza na zinapozama, na mawingu yakitanda aliutegemea mwendo wa mawimbi makuu chini ya chombo.

Mabaharia wa pwani yetu wana sababu ya kulifuatilia jambo hili kwa karibu. Watafiti wengi wanaona kuwa mabawa ya ngalawa yaliletwa na wasafiri wa ukoo huohuo wa lugha, jamaa za wale waliohamia Madagaska.

"Utamaduni ukifundishwa wageni, unakwisha."

Kwao Mau, elimu ya bahari ilirithishwa ndani ya koo. Alipoamua kuwafundisha Wahawaii, wapo waliomlaumu. Mwaka 1980 mwanafunzi wake, Nainoa Thompson, aliongoza chombo kilekile hadi Tahiti na kukirudisha Hawaii. Leo wanafunzi wa wanafunzi wake ndio walimu.

"Chakula cha Hawaii ni nanasi."

Nanasi asili yake ni Amerika Kusini, na pizza ya nanasi ilibuniwa Kanada mwaka 1962. Chakula chenyewe ni gimbi, lilelile tunalolijua, ambalo bichi huwasha koo. Wao hulipika, hulimenya, kisha hulitwanga kwa jiwe zito juu ya ubao mpana huku wakitia maji kidogo kidogo, mpaka liwe laini la kuvutika. Hiyo ndiyo poi. Huliwa kwa vidole, na ikikaa siku mbili tatu huchacha, na wapo wanaoipenda hivyo hivyo. Katika simulizi za Wahawaii, gimbi la kwanza lilichipuka pale alipozikwa mtoto aliyezaliwa mfu, naye mdogo wake ndiye babu wa watu wote. Kwa hiyo gimbi ni kaka mkubwa, na bakuli la poi likiwa wazi watu hawagombani mbele yake. Mtu anayepigania maji ya shamba la magimbi huko anapigania zaidi ya mavuno.

"Hula ni burudani ya watalii."

Hula, ngoma ya Wahawaii, hutunza nasaba, miungu na majina ya mahali, na mwili hufuata maneno. Mwaka 1830 Kaʻahumanu, malkia aliyekuwa ameingia Ukristo, aliipiga marufuku hadharani. Walimu wakaendelea kuifundisha kimyakimya hadi Mfalme Kalākaua alipoirudisha mbele ya umma katika sherehe za kutawazwa kwake mwaka 1883. Ile sketi ya majani makavu yenyewe ililetwa kutoka visiwa vya Gilbert, ambavyo sasa ni sehemu ya Kiribati.

"Lugha zao zimekufa."

Mwaka 1896 sheria iliifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia Hawaii, na watoto waliadhibiwa kwa kusema lugha ya mama zao. Wamaori, Wapolinesia wa New Zealand, walifungua shule za chekechea za Kimaori mwaka 1982, Wahawaii wakaiga mfano huo mwaka 1984. Wapo watu wazima leo waliosomea humo, nao wanalea watoto wao kwa lugha hizo.

"Haka ni ya kila mtu, ni ya vita tu."

Haka, ngoma ya Wamaori, hupigwa harusini, msibani na shuleni wakimuaga mwalimu. Ile maarufu, Ka Mate, ilitungwa na Te Rauparaha, kiongozi wa Ngāti Toa, yapata mwaka 1820. Tangu mwaka 2014 sheria ya New Zealand inamtaka anayeitumia kibiashara, kwa mfano katika filamu, amtaje mtunzi na kabila lake. Anayeicheza au kuifundisha darasani hazuiwi.