Katuni hazimfundishi mtoto mchanga kuongea

Ujumbe huu haukosi kwenye magrupu ya wazazi: mwekee mtoto katuni za Kiingereza tangu ana miezi sita, ataongea mapema kuliko wenzake. Si kweli.

Mtoto wa chini ya miaka 2 huokota maneno machache sana kwenye skrini kuliko kwa mtu anayemjibu. Akisema "ba", mama humtazama, humrudishia "Baba? Baba yuko kazini", naye hujaribu tena. Video haimsubiri. Ndiyo maana kuongea na bibi kwa simu ya video ni jambo jingine: bibi anajibu. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2019 inashauri mtoto wa chini ya mwaka 1 asiwekewe skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku.

Kinachowachanganya watu ni kwamba mtoto huimba kweli. Anataja mpira, kiatu, kijiko, wageni wanapiga makofi. Mjaribu hivi: zima simu, weka kiatu na kijiko mkekani, mwombe kwa maneno yale yale ya wimbo wa katuni akupe kiatu. Asipoelewa, alichonacho ni wimbo tu. Tena watoto wengi hutamka neno la kwanza karibu na mwaka mmoja, katuni iwepo isiwepo, na simu ndiyo inayopewa sifa.

Mzazi anayewasha katuni apate kusonga ugali simlaumu. Ila ujumbe ule ukikufikia, usiusambaze. Na mtoto akifika miezi 18 bila neno hata moja, mpeleke kliniki.