Programu Inafanya Kazi au Inaonyesha Kazi?

Mwaka 2014 programu iitwayo Virus Shield iliuzwa kwenye duka la Google Play kwa dola 3.99. Ilijinadi kwamba inakinga simu dhidi ya virusi na haimalizi betri. Zaidi ya watu 10,000 waliinunua kabla wachunguzi hawajaufungua msimbo wake na kukuta kwamba ukiigusa, alama ya X hugeuka kuwa alama ya vema (✓). Basi. Kuhusu betri, kwa kweli, haikudanganya.

Wanaotuletea malalamiko ya namna hii hurudia neno lilelile: "Lakini niliiona ikifanya kazi." Waliona mstari ukijaa na asilimia zikipanda. Skrini huchora chochote ilichoagizwa kuchora, na kuchora mstari ni kazi nyepesi kuliko kusaka virusi. Mwaka 2019 kampuni za Office Depot na Support.com zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 35 kumaliza shauri la Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani. Kwa maelezo ya Tume, mteja aliyepeleka kompyuta yake ikakaguliwe kwa programu ya kampuni hizo aliulizwa kwanza maswali manne, kama vile iwapo kompyuta imekuwa nzito kufanya kazi. Akikubali hata moja, programu ilitangaza dalili za maambukizi, haidhuru ukaguzi umekuta nini.

Kwa hiyo msinunue kwa macho. Ulizeni kwanza: itafanyaje hicho inachoahidi? Swali hili huondoa madai mengi, ila si yote. Programu ya SoftRAM95 ya mwaka 1995 iliahidi kuongeza maradufu RAM, yaani kumbukumbu ambayo kompyuta huitumia inapofanya kazi, bila kuongeza chipu. Wazo lenyewe si la kipuuzi, maana data zinaweza kubanwa zikachukua nafasi ndogo, na mifumo ya kisasa hufanya hivyo. Lakini SoftRAM95 yenyewe haikuongeza chochote kwenye mfumo wa Windows 95.

Hapo ndipo linapokuja swali la pili, ambalo mimi hulipa uzito zaidi: nani mwingine amepima? Programu ya Instant Blood Pressure ilidai kupima presha kwa kidole kuwekwa juu ya kamera na simu kuegemezwa kifuani. Watafiti walipoilinganisha na kipimo cha kawaida, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa zaidi ya robo tatu ya wenye presha ya juu wangeambiwa wako salama. Dola chache zilizopotea ni jambo dogo hapo. Mtu angeweza kuacha dawa.

Nyota za watumiaji hazijibu swali hilo. Wengi huzitoa siku ya kwanza, wakiwa bado wamevutiwa na rangi.

Ukishalipa, ijaribu mapema kwa kazi ileile iliyotangazwa, kwa sababu muda wa kudai kurudishiwa fedha kwenye maduka ya programu huweza kuwa mfupi. Piga pia picha ya tangazo siku hiyohiyo. Maneno ya muuzaji hubadilika kimyakimya baada ya malalamiko kuanza, na bila picha hiyo mlalamikaji hana cha kutuonyesha.