Kasubi hawajazikwa makabaka wote jamani

Watu wengi wakitajiwa makaburi ya Kasubi pale Kampala wanajua ndo walipolala makabaka (yaani wafalme) wote wa Buganda, tangu wa kwanza kabisa. Sio kosa la ajabu, maana ndo panapotajwa sana, pako kwenye Urithi wa Dunia tangu 2001 na hata ule moto wa Machi 2010 uliliza watu mbali huko.

Ila pale wako wanne tu. Ile nyumba kubwa ya nyasi ilijengwa 1882 ikiwa ikulu, kabaka aliyeijenga, Muteesa wa Kwanza, akafa 1884 akazikwa humohumo, baadaye wakafuata mwanae, mjukuu na kitukuu. Kabla yake kila kabaka alikuwa na kaburi lake kivyake, mengi yako upande wa Busiro, na taya lilikuwa linatolewa na kuhifadhiwa nyumba nyingine (ndiyo, taya!), Muteesa ndo wa kwanza kuzikwa na taya lake. Baba yake yuko Wamala, nenda kamuone.

Kuhakiki ni hesabu tu, chukua orodha ya makabaka, wako zaidi ya 30, halafu angalia mwaka nyumba ilipojengwa. Au muulize anayekutembeza, ukishavua viatu na kukaa kwenye mkeka, dada zangu mjifunge kanga. Na usitegemee kuona kaburi, utaishia kwenye pazia la lubugo, kile kitambaa cha gome la mti. Nyuma yake wanapaita msituni, kabaka hafi, anaenda msituni.