Mfuko wa haja, homa na uvumi wa mtaani

Mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana akirudi nyumbani Kondele au Nyalenda, mitaa ya Kisumu, kinachowatisha jamaa zaidi huwa ule mfuko wa kukusanyia kinyesi uliobandikwa tumboni. Uvumi nao huanzia hapo.

“Ile stoma ni kidonda, itapona tu.”
Si kidonda. Ni ncha ya utumbo iliyotolewa nje kwa upasuaji, nyekundu na yenye unyevu kama ndani ya shavu. Haihisi maumivu, kwa hiyo inaweza kuchubuka bila mwenyewe kujua. Kutoa damu kidogo inapopanguswa ni kawaida, lakini ikigeuka nyeusi, hospitali siku hiyo hiyo. Isafishe kwa maji ya vuguvugu. Spiriti weka kando. Cha kuangaliwa sana ni ngozi inayoizunguka: tundu la kibandiko kinachoshika mfuko likikatwa kubwa mno, kinyesi huikalia ngozi na kuiunguza. Mfuko nao umwagwe ukifika nusu, usingojwe ujae, maana uzito utaubandua.

“Asinywe sana, mfuko utajaa.”
Hili linanikera. Mwenye stoma ya utumbo mwembamba hupoteza maji na chumvi nyingi. Ukimnyima vinywaji unamkausha. Mpe uji na supu yenye chumvi. Githeri ndiyo isubiri wiki za mwanzo, kwa kuwa maganda ya mahindi yanaweza kuziba njia.

“Ana homa? Malaria hiyo.”
Huku ziwani kila joto la mwili ni malaria mpaka ithibitishwe vingine, na duka la dawa liko karibu. Kwa anayepata kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, mazoea hayo ni hatari. Dawa hizo hupunguza chembe nyeupe za damu, na maambukizi madogo yanaweza kumuua kwa muda mfupi. Kipimajoto kikisoma nyuzi 38, usimpe panado ukalala. Mpeleke hospitali, hata kama ni usiku wa manane, na useme mlangoni kwamba yuko kwenye kemo. Malaria itapimwa huko huko.

“Mofini na hospisi ni za wanaokufa.”
Ni za wanaoumia: mofini ni dawa ya maumivu makali, hospisi ni kituo cha kuwatuliza wagonjwa mahututi na familia zao. Kisumu na Nakuru zina hospisi, na mtu anaweza kuhudumiwa huko huku akiendelea na matibabu.

“Tutengewe vyombo.”
Saratani haiambukizi, kuleni sahani moja. Ila ndugu na watoto wake wazungumze na daktari kuhusu kupimwa mapema. Dada akigunduliwa ana saratani hii akiwa na miaka 45, mdogo wake asingoje kupita miaka 35 bila kupimwa.